Siku Yake Ilikuwa Haijafika

Msibani kwetu kuna sentensi moja ambayo haikosi. Husemwa na mtu mzima, kwa sauti ya chini, mara tu baada ya pole: "Siku yake ilikuwa imefika." Mimi niliambiwa na shangazi, dada wa baba, siku ya pili ya matanga, tukiwa tumekaa mikekani uani. Nikamjibu, "Hapana, shangazi. Ilikuwa haijafika." Wanawake wakatazama chini. Mmoja akanishika bega, akidhani uchungu umenizidi.

Sikuwa nimezidiwa na uchungu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya saa za usiku ule, na hesabu ilikataa kukubaliana na shangazi. Bado inakataa. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Baba alikuwa na miaka 67. Alikuwa stesheni masta mstaafu wa reli, mtu wa saa na daftari. Alikuwa na presha, na dawa zake alizimeza kama wengi wetu tunavyozimeza, yaani wiki mbili anameza, wiki moja anasahau. Jumapili moja, saa nne na dakika arobaini usiku, aligonga mlango wa chumba changu. Alikuwa ananiita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Mama," akasema, "kifua kinabana." Hakuonyesha mahali kwa kidole. Aliweka ngumi katikati ya kifua, akaibakiza hapo. Shati lilikuwa limelowa jasho, na usiku ule kulikuwa na baridi.

Tulikuwa tumekula maharage. Nikasema ni gesi. Nikampa magnesium mbili za kutafuna na maji ya uvuguvugu, nikamwambia, "Lala kidogo, baba, tuone." Naomba msomaji ashike neno hilo, tuone, kwa sababu katika habari hii litasemwa na watu wengi, na wa kwanza kulisema ni mimi. Tuone yangu ilimgharimu saa nzima.

Tulifika hospitali kwa bajaji saa sita kasoro dakika tano. Sitautaja mji wala hospitali. Ningeweza, na majirani wanajua, lakini nikitaja jina hoja yangu itageuka kuwa kesi ya hospitali moja, na wale wa hospitali nyingine watalala usingizi mzuri. Muuguzi alikuwa peke yake na wodi mbili. Alimpima baba presha, akampima sukari, akampima malaria. Akamchoma diklofenaki ya maumivu, akampa dawa ya vidonda vya tumbo. Nilimuuliza kama kuna kipimo cha moyo. Alinijibu kwa upole kabisa: "Mashine ya ECG ipo, dada, ila imefungiwa ofisini, na anayeijua anaingia asubuhi. Tuone atakavyoamka."

Kipimo kilifanyika saa mbili na robo asubuhi. Daktari kijana aliyeingia zamu alikiangalia, uso ukabadilika. Akapiga picha ile karatasi kwa simu yake, akamtumia mwenzake aliyesoma naye chuo, ambaye sasa yuko Dar es Salaam kwenye mambo ya moyo. Jibu lilirudi baada ya dakika nne. Alinionyesha: "Mshipa umeziba. Mpe aspirini sasa hivi. Mna streptokinasi? Kama hamna, mtoe hapo haraka." Streptokinasi haikuwepo. Aspirini ilikuwepo. Ilikuwepo tangu saa sita usiku, kwenye kabati, hatua kumi kutoka kitanda cha baba.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Tulichangishana kwa simu. Ndugu wa Dodoma akatuma, wa Mwanza akatuma, mume wa mdogo wangu akasema anasubiri mshahara. Tuliondoka saa nne na nusu. Baba alifariki njiani saa saba kasorobo mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, tukiwa tumebakiza karibu saa moja kufika.

Tangu ngumi kifuani hadi mwisho ni saa 14 na dakika 5. Tangu mlango wa hospitali hadi ECG ni saa 8 na dakika 20. Miongozo inayofuatwa duniani inataka kipimo hicho kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa akutane na mhudumu wa kwanza wa afya. Shangazi aliniambia siku ilifika. Mimi ninasema siku iliburutwa, kwa saa 14, na watu wazuri, mimi nikiwa wa kwanza wao.

Nieleze kinachotokea ndani ya kifua, kwa sababu bila kukielewa mtu hawezi kuona ukubwa wa kosa. Moyo ni msuli, nao una mishipa yake yenyewe ya kuulisha damu. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga kwenye kuta za mishipa hiyo. Siku moja utando unaoyafunika hupasuka, damu huganda juu ya mpasuko, na bonge hilo huziba njia. Sehemu ya msuli iliyokuwa inalishwa na mshipa ule hubaki na njaa. Inapofika kama nusu saa huanza kufa. Baada ya saa sita hadi kumi na mbili sehemu kubwa ya kilichokuwa cha kuokolewa huwa imekwisha. Msuli uliokufa haurudi. Huacha kovu, na moyo wenye kovu kubwa hushindwa kusukuma, au hupoteza mapigo ghafla.

Kwa hiyo tiba ni kuzibua, na kuzibua ni mbio na saa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au kinenani hadi kwenye mshipa wa moyo, kupanua palipoziba na kuacha kipande cha wavu kinachoitwa stenti. Upanuzi huo Andreas Grüntzig aliufanya kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa Zürich mwaka 1977, bila stenti, na leo ndiyo njia bora, ikiwa mgonjwa ataweza kufikishwa na kufanyiwa ndani ya dakika 120 tangu kutambuliwa. Ya pili ni kuyeyusha bonge kwa dawa ya mshipani, kisha kumsafirisha mgonjwa kwenda kwenye njia ya kwanza. Wala hii ya pili si ubunifu wa juzi. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa ISIS-2, lenye wagonjwa 17,187. Aspirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 ndani ya wiki tano. Streptokinasi peke yake, asilimia 25. Zote mbili kwa pamoja, asilimia 42.

Mwaka 1988. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Baba yangu amekufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ya kwanza ilithibitishwa nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, dawa ambayo dozi yake ya dharura, miligramu 300 za kutafuna, haifiki bei ya soda.

Sasa nafika kwenye ugomvi wenyewe. Kila ninapoeleza habari hii kwa watu wenye nafasi, hunijibu kwa kuhesabu mashine. Wanasema tunahitaji mitambo zaidi ya kuzibulia mishipa, madaktari bingwa zaidi, majengo. Sina ugomvi na mashine. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, imefanya mambo ambayo zamani tulikuwa tunapeleka watu India kuyafuata, na ninaitakia idumu. Lakini nchi ilihesabiwa mwaka 2022 ikakutwa na watu 61,741,120, na wengi wao hawalali karibu na Upanga. Mtambo wa kuzibulia mishipa ulio Dar es Salaam, kwa mtu aliyeanza kubanwa kifua mji wa mbali saa nne usiku, ni kama kisima kilicho wilaya nyingine wakati nyumba yako inaungua. Ni kizuri, na hakikufai.

Kilichomkosesha baba si mtambo. Hebu tuurudie usiku ule. Walikuwepo: aspirini, mashine ya ECG, muuguzi, gari, dereva, simu, na bingwa aliyejibu kwa dakika nne. Karibu vyote vilikuwepo! Kilichokosekana ni kamba ya kuvifunga pamoja. Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba akisikia "kifua kinabana" analazimika, kwa kanuni na si kwa hisani, kufanya moja, mbili, tatu. Hapakuwa na ufunguo wa ofisi. Hapakuwa na namba ya kupiga. Kulikuwa na namba ya rafiki.

Hapo ndipo mahali panaponiuma kuliko pote. Watu husema hatuna mtandao wa dharura wa moyo. Tunao. Unaitwa kufahamiana. Daktari anamjua daktari, mgonjwa ana mpwa aliye Muhimbili, jirani ana gari. Unafanya kazi kwa waliojaliwa kujuana, saa ambazo wanaojuana wako macho, na kwa wengine wote unafanya kazi kama bahati nasibu. Daktari yule kijana alitumia picha ya baba yangu kwa simu yake, kwa vocha yake, kwa mtu ambaye hakuwa zamu wala halipwi kujibu. Namshukuru hadi leo. Lakini nchi haiwezi kuegemeza misuli ya mioyo ya watu wake kwenye vocha ya kijana mmoja.

Baba angelielewa jambo hili upesi kuliko wataalamu. Alituambia mara nyingi tulipokuwa watoto kwamba kwenye njia moja ya reli treni haiondoki kwa sababu dereva yuko tayari, wala kwa sababu injini ni mpya. Inaondoka pale stesheni hii inapoiuliza stesheni ijayo, na stesheni ijayo ikaitikia kwamba njia ni nyeupe. Stesheni masta hakuhitaji kumjua mwenzake wa stesheni ya pili kwa sura. Wengine alifanya nao kazi kwa miaka bila kuwaona. Kilichowaunganisha ni waya, daftari na kanuni isiyojali kama mnapendana. Injini nzuri bila mawasiliano, alikuwa anasema, ni ajali inayosubiri siku.

Mtandao wa dharura wa moyo ni kitu hichohicho. Kila anayepokea wagonjwa, kuanzia kituo cha afya, anafundishwa dalili na kanuni moja. ECG inakaa pale mgonjwa anapoingilia, ina karatasi, haifungiwi, na muuguzi yeyote anaweza kubandika nyaya zake, maana kubandika ni kazi ya kujifunza kwa muda mfupi. Kusoma ndiko kugumu. Picha inakwenda kwenye meza moja yenye mtu wa zamu, mchana na usiku, anayelipwa kuisoma. Mtu huyo anaamua: huyu yuko karibu, aje hapa moja kwa moja bila kupitia wodi yoyote, yule yuko mbali, ayeyushiwe bonge palepale alipo, kisha aletwe. Gari linaondoka kabla ya mtu yeyote kuulizwa fedha. Na kila saa inaandikwa kwenye daftari, ili mwisho wa mwezi ijulikane stesheni gani ilichelewesha treni.

Wapo waliofanya. Mtu akitaja Uingereza ataambiwa ni nchi tajiri, ingawa utajiri wao haukuzuia kwamba walilazimika kukaa chini na, kuanzia mwaka 2008, kupanga upya nani anapelekwa wapi nchi nzima. Basi tuiache. Tuangalie jimbo la Tamil Nadu, India, lenye vijiji vya mbali na hospitali zilizobanana kama zetu. Kati ya mwaka 2012 na 2014 waliunganisha hospitali ndogo na kubwa kwa mafungu, wakatumia magari ya dharura ya serikali yanayoitwa kwa namba 108, wakatuma vipimo vya ECG kwa njia ya mtandao, na waliokuwa mbali wakapewa dawa ya kuyeyusha bonge kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalihusu wagonjwa 2,420. Vifo ndani ya mwaka mmoja vilishuka kutoka asilimia 17.6 hadi 14.2. Mtu anaweza kusema tofauti ni ndogo. Ni zaidi ya watu watatu katika kila mia. Baba yangu alikuwa mtu mmoja.

Najua majibu, maana nimeyasikia yote, mengine kwenye mikeka ileile ya msiba.

La kwanza: huu ni ugonjwa wa matajiri, sisi tuna malaria. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na kwetu? Utafiti uliofanywa Moshi na kuchapishwa mwaka 2020 uliwapima kwa makini wagonjwa zaidi ya 600 waliofika idara ya dharura wakilalamika kifua au pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo. Zaidi ya theluthi ya hao walikufa ndani ya siku 30. Ugonjwa tusioupima huonekana haupo. Mzee wangu alipimwa malaria kwa dakika chache na moyo kwa saa nane, na bila ile picha ya simu angeandikwa kwenye kitabu kama mtu wa vidonda vya tumbo, na mtu mwingine angesoma kitabu hicho akasema, mnaona, mashambulio ya moyo hatuna.

La pili: fedha hakuna. Ningeliheshimu jibu hili kama mtu angelileta pamoja na hesabu. Aspirini nimekwisha kuitaja. Streptokinasi ni ghali kwa mfuko wa mtu mmoja, lakini ni dawa ya zamani, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na serikali inayonunua kwa ajili ya nchi nzima hainunui kwa bei ya duka la dawa. Kusoma picha ya ECG kwa simu hakuhitaji jengo. Gharama kubwa ni watu wa zamu, mafunzo na mafuta, na hizo ni gharama ambazo hazikatiwi utepe. Hapo ndipo ninaposhuku palipo ugumu wa kweli. Mtambo unaweza kupigiwa picha na mgeni rasmi amesimama mbele yake. Muuguzi wa kituo cha afya anayebandika nyaya kwenye kifua cha mzee saa sita usiku, akatuma picha, akajibiwa, hana kitu cha kuzinduliwa.

La tatu husemwa na wahudumu wenyewe, na lina ukweli ndani yake: dawa ya kuyeyusha bonge ni hatari. Inaweza kusababisha damu kuvuja, hata kwenye ubongo. Mtu aliyewahi kuvuja damu ubongoni au aliyetoka kupasuliwa hapewi. Hata aspirini si ya kila mtu. Mwenye mzio nayo au anayetapika damu haimfai. Muuguzi peke yake usiku ana haki ya kuogopa. Lakini hoja hii inaniunga mkono. Ndiyo maana tunataka mtu wa zamu upande wa pili wa simu, mwenye orodha ya maswali, anayebeba uamuzi pamoja naye. Hofu ya muuguzi aliyeachwa peke yake haiponi kwa kumwambia aendelee kuwa peke yake.

La nne ndilo linaloniingia: wananchi wenyewe mnachelewa. Kweli, nilichelewa. Nilimpa baba magnesium. Siku nyingi nimelala nikiiona ile ngumi kifuani. Lakini nilifundishwa na nani? Tangu utotoni nimesikia redioni dalili za kipindupindu, dalili za malaria, dalili za hatari kwa mama mjamzito. Sijawahi kufundishwa kwamba kubanwa kifua kwa mtu mzima, pamoja na jasho la baridi, maumivu yakipanda taya au mkono wa kushoto, ni dharura ya dakika na si ya asubuhi. Ninafundisha sekondari. Wanafunzi wangu huchora moyo vizuri mno kwenye mtihani, na vyumba vyake vinne na vali zake. Hakuna hata mmoja anayeulizwa afanye nini moyo wa baba yake ukiziba.

Na kama kuna anayedhani Watanzania hatuwezi kujenga kitu cha namna hii, tumekwisha kukijenga. Kinaitwa m-mama. Mama mjamzito au aliyejifungua, au mtoto mchanga, akipata dharura, mtu hupiga 115 bila malipo. Anayepokea hufuata kanuni, huamua aende kituo gani, hutafuta gari. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kawaida wa eneo lile aliyesajiliwa, anapeleka, na analipwa kwa simu. Ulianzia Kanda ya Ziwa, mwaka 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Nauangalia mpango huo na kujiuliza kitu kimoja tu. Namba ipo. Wapokeaji simu wapo. Madereva wapo. Malipo ya simu yapo. Ingekuwaje kama saa sita usiku ule yule muuguzi angepiga namba akasema, "Nina mzee wa miaka 67, kifua kinabana, jasho linamtoka"?

Ukumbukwe pia ulivyobadilika mdomo wetu. Zamani mama akifia uzazi tulisema siku yake ilifika, na sentensi ikaishia hapo. Siku hizi kifo cha mama kinaitiwa kikao, kinajadiliwa, kinaulizwa: alichelewa nyumbani, njiani, au hospitalini? Hakuna sheikh wala mchungaji aliyesema maswali hayo ni kumpinga Mungu. Tuliacha kuviita vifo vile majaliwa siku tulipoanza kuvihesabu. Ninachodai ni kwamba mwanaume wa miaka 67 na mwanamke wa miaka 50 waliokufa kwa kifua nao waulizwe maswali hayo matatu. Kwa baba majibu ninayo: nyumbani saa 1 na dakika 15, hospitalini saa 10 na dakika 35, njiani saa 2 na robo.

Kwa hiyo nadai, na ninaandika madai haya wazi ili yasije yakaitwa kilio. Kila kituo kinachopokea wagonjwa usiku kiwe na ECG isiyofungiwa na mtu wa zamu anayeweza kuitumia. Aspirini itolewe kwa kanuni ndani ya dakika za kwanza. Kila hospitali ya wilaya iliyo zaidi ya saa mbili kutoka kwenye mtambo iwe na dawa ya kuyeyusha bonge na ruhusa ya kuitumia kwa maelekezo ya simu. Pawe na meza moja ya taifa ya kusoma vipimo, inayolipwa, isiyolala. Gari la dharura liondoke kwanza, hesabu ya mafuta ifuate. Bunge limepitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na bima isiyomtoa mgonjwa getini saa sita usiku ni karatasi. Na saa zote ziandikwe, zisomwe hadharani, hospitali kwa hospitali. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri uvumbuzi.

Mpaka siku hiyo, nimefanya kile ambacho kila familia yenye kujiweza kidogo hufanya, na ninakiri kwa aibu. Kaka yangu ana miaka 49, ana presha kama baba, na anaishi mji uleule. Nimembandikia karatasi ya dalili nyuma ya mlango wa chumba chake. Nimeweka aspirini kwenye droo, baada ya daktari kumwambia kwamba kwake inafaa. Ninayo namba ya yule daktari kijana, na namba ya mwenzake wa Dar es Salaam, na kwenye simu kuna fedha ya mafuta ambayo haiguswi hata kwa ada. Yaani nami nimejiunga na mtandao wa kufahamiana. Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi mzee mpiga cherehani, mwenye mwili mzito na pumzi fupi, ambaye hana namba ya mtu yeyote.

Shangazi alikuja tena siku ya arobaini. Tulipomaliza kuosha vyombo alikaa karibu yangu, akaniuliza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo kwa siku nyingi: "Ile mashine walisema ilikuwa wapi?"

"Ofisini, shangazi. Mlango ulikuwa umefungwa."

Akanyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Na ufunguo alikuwa nao nani?"

Hilo ndilo swali. Nalipeleka kwa wanaohusika.